Mwongo Aliyewapokea Watu wa Mwezini

Delbert Skaggs alikuwa mwongo. Nalisema mapema asije mtu akaniambia namsengenya marehemu. Kwanza si marehemu, yuko kwao Arkansas anafuga kuku na kulalamikia magoti. Pili, yeye mwenyewe hajawahi kubisha. Alipokuwa mdogo aliwaambia wenzake darasani kwamba mjomba wake ndiye aliyebuni kijiko cha kuchotea aiskrimu. Alimwambia mchungaji kwamba ameona mamba kwenye kijito wanachobatizia, ubatizo ukaahirishwa, na wanaume wazima wakashinda ukingoni na bunduki wakivizia gogo. Mji wao, Tolliver, ni barabara moja, makanisa mawili yasiyosalimiana na duka la kinyozi, kwa hiyo uongo wa mtoto mmoja ulitosha kuwapa watu mazungumzo ya wiki nzima.

Walimpenda, tusidanganyane. Kumwamini ndiyo ilikuwa habari nyingine. Na hakuna aliyemwamini kidogo kama baba yake, mzee Harlan Skaggs, aliyefiwa na mke mapema akabaki na kuku wengi na huyo mtoto mmoja. Mzee hakumpiga wala hakumgombeza. Alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Haya, sasa nenda kalishe kuku," na hilo lilimuuma Delbert kuliko kiboko.

Shida ya mwongo ni kwamba siku akipatwa na jambo kubwa la kweli hana pa kulipeleka. Delbert aliingia jeshi la majini, akachaguliwa kwenye kikosi chetu cha wapiga mbizi kule Coronado, California, tukafundishwa kulipua vizuizi vya adui tukiwa chini ya maji. Ndiko nilikomjua. Mimi naitwa Boyd, na sifa zangu nitazisema nikifika pake. Delbert alipiga simu nyumbani kueleza anachofundishwa, mzee akaipeleka habari kwa kinyozi, na nasikia mteja mmoja alicheka mpaka akakatwa sikio. Uamuzi wa mzee ulikuwa kwamba kijana wake yuko jikoni anamenya viazi, na kwamba viazi si aibu, ni chakula.

Hapo ndipo jeshi likatupangia kwenda kuwapokea watu waliotoka mwezini.

Miaka ile watu walikuwa wanakwenda mwezini na kurudi kama wanaokwenda sokoni, na wakirudi waliangukia Pasifiki, chombo kikining'inia kwenye miavuli mitatu. Magazeti yalipenda kuandika habari za kwenda. Kurudi kulikuwa hivi: watu watatu wameketi ndani ya kitu kama sufuria iliyofunikwa, kinasukwasukwa na mawimbi, hawajaoga tangu waondoke, na mmoja wao lazima anatapika. Hawawezi kutoka wenyewe kwa usalama. Lazima mtu arukie majini kutoka kwenye helikopta, afunge nanga ya turubai inayoburutwa ili upepo usikikimbize chombo, akizungushie mshipi mkubwa wa mpira na kuujaza hewa kisizame, ndipo mlango ufunguliwe. Watu hao tulikuwa sisi. Siku hizi nikiwaeleza vijana wanaona ni utukufu. Utukufu gani? Tulikuwa wabeba mizigo wa bandarini, tofauti ni kwamba mzigo wenyewe ulitoka mbali.

Kabla manowari haijaondoka Hawaii, Delbert alipanga foleni ya simu gatini. Nilikuwa nyuma yake, na mzee Harlan alikuwa mtu wa kupiga kelele kwenye simu kana kwamba anaisaidia kampuni kufikisha sauti, kwa hiyo nilisikia yote.

"Baba, ni Delbert."

"Delbert yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

"Mmoja, na amenitosha. Umefungwa?"

"Sijafungwa, baba. Nisikilize. Wale watu wa mwezini wanarudi wiki ijayo, wanaanguka baharini. Mimi ndiye nitakayeruka nikawafungulie mlango."

Nikamsikia mzee akivuta pumzi. "Delbert, mwanangu. Mama yako angekuwa hai ungemwambia maneno haya?"

"Naapa, baba."

"Usiape, tafadhali. Ukiapa ndiyo unanitisha. Halafu mimi hao wa mwezini wenyewe sijawaamini bado, sasa wewe unaniambia unakwenda kuwapokea? Unajenga ghorofa la uongo juu ya uongo wa wenzako!"

"Basi nenda kwa kinyozi ukatazame televisheni! Tutakuwa tumevaa mpira mweusi na miwani ya kuzamia, uso hutauona. Lakini ukimwona mmoja anajipiga kofi kichwani, pa, pa, mara mbili, ujue huyo ni mimi."

"Kwa nini ujipige?"

"Ili unijue!"

"Ningetaka kukupiga kofi ningekupiga mwenyewe ukiwa hapa. Haya, kamalizie viazi."

Simu ikakatwa. Nikafungua mdomo nimtanie, nikauona uso wake, nikaufunga. Kijana alikuwa analia, na si kwa siri. "Boyd," akaniambia, "mara moja tu. Sitaki anisifu. Nataka nimwambie kitu na yeye aseme, sawa mwanangu, nimekuamini. Mara moja tu kabla hajafa." Nikamwambia mzee mwenye sauti ile hafi leo wala kesho.

Sasa hilo kofi lilikuwa na mwenyewe wa kulikataza. Luteni wetu, afande Haverkamp, alikuwa na shingo nene na subira nyembamba. Alitupanga mstari kwenye sitaha akatuambia dunia nzima itakuwa inatazama, na kwamba dunia haikuja kututazama sisi.

"Nikimwona mtu anapungia kamera," akasema, "anacheka na kamera, anajikuna kwa ajili ya kamera, namtoa kikosini kabla hajakauka. Skaggs, unatabasamu nini?"

"Jua, afande."

"Jua liko nyuma yako."

Siku yenyewe ilipofika bahari ilikuwa mbaya. Tulisikia mshindo angani, kisha miavuli ikatokea, na watu sitahani wakashangilia. Chombo kilianguka karibu kiasi kwamba kamera ya televisheni, ile ya lenzi ndefu iliyofungwa juu ya manowari, ilikiona vizuri. Helikopta ikatufikisha. Nikaruka wa kwanza na nanga ya turubai, nikaifunga. Delbert akafuata, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kiongozi wetu majini. Akaparamia hadi dirishani akachungulia kama wako hai, nao wakamwonyesha dole gumba. Wenzetu wawili wakashuka na mshipi, tukauzungusha, tukaujaza hewa. Mpaka hapo kazi ilikuwa safi, na nina haki ya kujisifu.

Nikapanda juu ya mshipi, masikio yamejaa maji. Mpiga mbizi yeyote atakuambia dawa yake: unainamisha kichwa upande, unajipiga kofi upande wa pili. Nikajipiga. Pa, pa. Sikukumbuka habari za mzee wa mtu yeyote, nilitaka kusikia tu. Wimbi likakiinua chombo, mshipi ukanitupa, nikaenda chini miguu juu mbele ya dunia nzima iliyokuwa ikitazama.

Kuanguka si kitu. Shida ni kwamba mguu uliingia kwenye kamba ya nanga, chombo kikapanda na wimbi, kamba ikakaza, nami nikabaki chini ya tumbo la chombo kilichotoka mwezini, nikipigwa nacho kichwani. Nilikunywa Pasifiki. Nilifikiri, na hili nalisema kama lilivyokuwa, nilifikiri juu ya mama yangu na aibu. Kisha mkono ukanikamata ukanda wa kifuani. Delbert alikuwa tayari ameshika mpini wa mlango, mlango ambao alikuwa ameuota tangu Hawaii, akauacha akazama. Aliichomoa kamba mguuni mwangu, akanisukuma juu, akanilaza juu ya mshipi kifudifudi nikatapika maji.

"Umekufa?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi sogea, unaziba mlango."

Akaufungua. Waandishi walioandika juu ya dakika ile hakuna aliyeandika juu ya harufu. Ilitoka kama mtu aliyefukuzwa nyumbani. Soksi, mkojo, chakula cha makopo, na watu watatu. Delbert alirudi nyuma, akameza mate, akainama tena kuwapa mkono. Mkuu wa safari, mtu aliyekanyaga mwezi kwa miguu yake, akatoa kichwa nje, akalitazama anga, akatutazama sisi, akauliza nani kashinda kwenye besiboli. Kabla hajajibiwa akamtapikia Delbert kifuani. "Samahani, kaka," akasema. "Karibu nyumbani, bwana mkubwa," akasema Delbert.

Tukawatia kwenye wavu mmoja mmoja, helikopta ikawavuta, wakaenda. Na kila kitu kikaenda nao, kelele na kamera pamoja. Hilo ndilo watu hawalijui. Wanaanga wakishachukuliwa, wapiga mbizi wanabaki na chombo mpaka manowari ije taratibu na winchi yake, na hakuna anayetazama tena. Tuliketi juu ya mshipi tukiungua jua. Ndipo Delbert akasimama juu kabisa ya chombo, akavua miwani, akageuza uso upande wa manowari, akajipiga kofi kichwani. Pa, pa. Akangoja kidogo, akarudia.

"Delbert," nikamwambia, "wanapiga picha zulia jekundu saa hizi."

"Najua."

"Kwa nini hukufanya mapema?"

"Mapema nilikuwa nakutafuta wewe, mpumbavu."

Kule sitahani bendi ilikuwa inapiga, mashujaa wanayumba kwenye zulia kama watu waliotoka baa, na wapishi wamewaokea keki kubwa kama meza ya harusi, ndiyo desturi. Sisi tulipopandishwa tulikuta chano tupu, keki imekwisha. Afande Haverkamp alinitazama akasema, "Mmetoka wanne, mmerudi wanne," na kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa hotuba.

Tuliporudi Hawaii Delbert hakutaka kupiga simu. Nilimburuta mwenyewe hadi gatini. Simu haikumaliza hata mlio mmoja.

"Delbert! Uko hai?"

"Niko hai, baba."

"Nimekuona!" Mzee alipiga kelele mpaka foleni nzima ikageuka. "Nimekuona, mwanangu! Pa, pa, kama ulivyosema! Nikawaambia, yule, yule ni wangu! Halafu ukaanguka kama gunia la pumba! Ukazama, mpaka mwenzako akaja kukutoa. Umeumia wapi?"

Delbert akaniangalia. Mimi nikajinyooshea kidole kifuani: mimi, ni mimi, mwambie. Alikuwa ameutafuta ukweli mmoja wa kumpelekea baba yake, akaupata, na sasa akiusema wote atarudi kuwa mwongo wa Tolliver, kijana aliyeahidi kofi halafu likapigwa na mtu mwingine. Nani angemwelewa? Akafumba macho.

"Sijaumia, baba. Maji tu yaliingia masikioni."

"Nimekuamini," akasema mzee. "Unanisikia? Nimekuamini."

Nilimtukana Delbert njia nzima kurudi melini. Nilimwambia umetajirika kwa ajali yangu. Alikuwa anacheka na kulia kwa zamu, akaninunulia kila nilichokitaka kwenye baa, na mimi nilitaka vingi.

Muda wake jeshini ulipokwisha akarudi kwao. Tolliver walimpandisha kwenye trekta wakamzungusha barabara yao moja, kwenda na kurudi, maana kwenda tu kungekwisha mapema mno. Walimwita Aliyeanguka. Watoto walicheza kuanguka kwake kwenye madimbwi. Habari za dirisha na mlango hakuna aliyezitaka, akizigusa walidhani ameanza tena yale mambo yake. Mara kwa mara alikuwa akinipigia simu, mimi niko California nauza vipuri vya boti, anataka maelezo.

"Boyd, hebu niambie, ulitangulia bega au kichwa?"

"Kichwa. Kwa nini?"

"Kuna harusi Jumamosi, wameniomba nisimulie. Na ukiwa kule chini, ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nawaza kukushtaki."

"Hiyo nzuri. Lakini sema kweli."

Nilimwambia kweli, na mwaka uliofuata nikasikia kwamba anasimulia vizuri kuliko mimi. Hapo ndipo nikakasirika hasa. Nyumbani kwangu mke wangu alikuwa akinitambulisha kwa wageni kama mtu aliyekuwa "karibu karibu" na mambo ya mwezi. Kuanguka kule ndilo lilikuwa jambo la pekee nililowahi kulifanya likaonekana na watu wa mataifa, na lilikuwa linatembea Arkansas na jina la mtu mwingine. Nikapanda basi kwenda Tolliver kulidai.

Delbert alinipokea uani, kati ya kuku, tumbo limemtoka. Nikamwambia wazi kilichonileta. Nilitegemea abembeleze. Akaweka ndoo chini akasema, "Mwambie. Mwambie leo, mezani. Nimechoka kuanguka, Boyd. Mimi niliufungua mlango ule, na kila nikipita mtoto anajitupa chini kunionyesha mimi ni nani. Ila mwambie wewe, mimi kinywa changu unakijua."

Mzee Harlan alikuwa amezeeka, amepungua kila kitu isipokuwa sauti. Tukala kuku wa kukaanga na maharage na mkate wa mahindi. Nilingoja ashibe. Nikasema, "Mzee, kuna jambo kuhusu siku ile," naye akaniwahi, maana ukimtajia siku ile huwezi kumzuia.

"Nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi," akasema. "Povu usoni, upande mmoja umenyolewa. Nikamwona anajipiga kofi. Nikasema, Mungu wangu, kumbe kweli. Sijamaliza kusema, akazama. Nikangoja atoke. Hatoki. Unajua niliinuka na kitambaa shingoni, nikaenda nikalishika lile sanduku la televisheni kwa mikono miwili, nikawa nalitikisa? Kinyozi ananivuta, ananiambia Harlan utalivunja. Mimi namwita mtoto kwa jina. Sikuwa nimemwita kwa jina namna ile tangu azaliwe." Akajifuta mdomo, akajifuta na macho kwa leso ile ile. "Nilikuwa nimemwambia akamalizie viazi. Ndilo neno la mwisho nililompa. Kijana amenipigia simu kunieleza kweli tupu, nami nikamcheka, halafu anakufa ninamtazama. Kwenye kiti cha kinyozi, bwana. Tangu siku ile akiniambia mvua itanyesha, natoka na koti."

Delbert alikuwa anatazama sahani yake. Alikuwa hajawahi kuyasikia hayo, nilimwona wazi, masikio yalimwiva mekundu.

"Sasa wewe," mzee akanigeukia. "Mlikuwa wote kule. Wewe ulikuwa nani?"

Delbert akainua kichwa akanitazama, na sitasema nilijua anataka nini, kwa sababu sidhani kama alijua mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyezama kumtoa," nikasema.

Mzee akasukuma kiti nyuma. Ilimchukua muda kusimama, akazunguka meza akishikilia migongo ya viti, akafika, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akajaribu kusema kitu na kwa mara ya kwanza sauti ikamkataa. Nyuma yake Delbert alikuwa ameficha uso kwenye kitambaa cha meza, mabega yanamcheza.

"Ulimrudisha mtoto wangu," mzee akasema hatimaye, polepole. "Nitakulipa nini?"

"Usijali, mzee," nikamwambia. "Hata yeye angezama kunitoa mimi."